Karatasi Niliyoipeleka Madhabahuni

Jumanne, mvua ya rasharasha tangu asubuhi.

Mama Kanta, mzee ninayemhudumia hapa Neasden, ughaibuni, ni Mhindi wa Kisumu, kwa hiyo tunaongea Kiswahili. Mkwe wake Sunita ametoka India juzi tu, na leo alikuwa na mtihani wa kuongea Kiingereza, wa viza.

Nikipangusa meza nilikuta karatasi ya Kihindi. Juu ya herufi kulikuwa na miezi mwandamo midogo midogo, kama ule wa kwenye alama yao takatifu ya Om. Nikajua ni sala. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini cha mwenzangu nakiheshimu. Nikanawa mikono, nikaipeleka kwenye madhabahu yao sebuleni, nikaweka na ua bichi juu. Kusema kweli nilijisifu.

Saa nne Sunita akashuka na koti, akapekua kila droo, karibu kulia.

"Anatafuta karatasi yake," Mama Kanta akanieleza.

"Ile ya sala? Nimeiweka kwa miungu, mama."

"Sala gani, Rosa? Ni maneno ya Kiingereza! Ameandika kwa Kihindi ajue kutamka. Hako kamwezi ni ile 'o' ya Waingereza, Kihindi chetu hakina."

Sunita akaitoa chini ya ua. Maji ya ua yalikuwa yamefuta nusu ya maandishi. Akasoma iliyobaki, amesimama hapo hapo mbele ya miungu: "Coffee. Doctor. Office."

"Amina!" akaitikia Mama Kanta kila neno, akinitazama mimi.

Sunita amefaulu, sifa si zangu. Jioni nyumbani kwetu tulikula ugali na sukuma. Mume wangu akauliza habari za kazi, nikamwambia nzuri.