Gauni Lililolegea

Naandika haya uso ukiwa chini. Mimi ni mwalimu hapa Sindeni, na kwa miezi miwili nimekuwa nikinywa unga wa goji, yale matunda madogo mekundu yanayosifiwa mtandaoni kwamba yanapunguza unene. Kila asubuhi kijiko kimoja kwenye uji. Uji wenyewe sikupunguza.

Wiki iliyopita gauni langu la kitenge, lililokuwa likinibana mbavu, liliingia bila kushindana. Nikajizungusha nalo katikati ya ofisi ya walimu. "Goji si mchezo," nikawaambia. Watatu wakaagiza palepale. Mwalimu Mwanaidi, ambaye bado ananyonyesha, akasema na chakula cha usiku anaacha.

Leo nimelivaa tena, na bibi yangu, aliyeshuka kutoka Bungu siku kumi zilizopita kunitembelea, kaniletea ofisini miwani niliyoisahau. Walimu wakampa shikamoo, wakamsifia mjukuu wake alivyopungua.

"Marahaba wanangu. Hajapungua huyu," bibi akasema. "Nilimwona anapumua kwa shida, nikalifumua gauni pembeni, nikaongezea kile kitenge kilichobaki. Sikutaka kumwambia, angeona aibu."

Mwanaidi, aliyelala na njaa wiki nzima, akanisogelea taratibu, akaninyanyua mkono auone mshono.