Karani Aliyetupima Penye Tambarare

Siku hizi motokaa zimeingia mjini, na barazani kwetu Kibokoni wanabishana: mtihani wa leseni uongezwe ugumu au uachwe vivi hivi? Mimi nasema uongezwe. Sikusoma, lakini hili nalijua kwa mguu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto sinavyo, na waliovila nawajua.

Nilikuwa msukuma toroli, vile vigari vya abiria vinavyopita juu ya reli. Bwana anakaa chini ya turubai, wewe wasukuma. Penye mteremko wadandia nyuma, washika breki. Kazi hiyo huifanyi bila kibati cha shaba mkononi, na kibati chatoka kwa karani. Mtihani wake? Toroli tupu, ua wa afisi, tambarare kama mkeka. Sukuma hatua kumi, simama. "Umefaulu. Mwingine!" Mwenyewe kakaa kivulini na kahawa yake.

Mkosaji wa kwanza ndiye huyo. Wa pili ni barobaro aliyefaulu asubuhi, na alasiri akaniteremkia kwenye mteremko wa Mbaraki, kampakia muuza kanga. Mimi napandisha toroli tupu, na tupu ndiyo hutolewa relini kupisha yenye mtu. Nimeinama naiinua, namwona yuaja mbio.

"Breki! Breki, we!"

"Ndiyo ipi?"

Muuza kanga aliruka mapema kuliko sote. Mimi sikuwahi.

Nilipopona, karani akanivua kibati. "Kiguru hasukumi mpaka apimwe upya." Nyumbani nina mke na watoto watatu, na chakula chao chote kilikuwa kwenye kile kibati.

Nikamwambia, "Sawa, bwana karani. Lakini nipime palepale nilipoumia, na abiria uwe wewe."

Wasukumaji wenzangu wakaangua kicheko. "Panda, bwana! Au waogopa?"

Angefanyaje? Akapanda, kikombe mkononi. Tukaweka jiwe kando ya reli, chini kabisa, toroli isilipite.

Wallahi nilimwachia. Sikuigusa breki mpaka kahawa yote ilipokuwa kwenye kanzu. Alimwita mamake, kisha akamtukana mamangu. Hapo ndipo nikaibana, toroli ikalia kama mbuzi, ikasimama unyayo mmoja kabla ya jiwe.

"Nimefaulu?"

Aliikung'uta kanzu yake. "Umefaulu. Nishushe." Kibati nikakivaa papo hapo.

Mwadhani alibadilisha mtihani? Thubutu! Aliendelea kuwapima watu uani, hatua kumi, mwingine. Ila tangu siku ile, kila akitaka toroli ya kwenda mjini, humuuliza kwanza msukumaji:

"Wewe nani alikupima?"

"Ni wewe, bwana."

Basi hufungua mwavuli wake, akaenda zake kwa miguu.