Maji Niliyommwagia Baba

Kwetu Ungoni, kabla ya vita, mtu aliyebatizwa hakusema amebatizwa. Neno lenyewe lilikuwa la misheni, tena gumu mdomoni mwa wazee. Alisema, "Nimepata maji." Ungewasikia watu njiani wakiulizana, "Wewe umeshapata maji?" "Bado, mpaka Pasaka." Ndivyo tulivyosema, wala hakuna aliyeona ubaya. Naliweka hili mbele kwa sababu vijana wa leo wakisikia maji wanayafikiria yale mengine ya vita tu, na nikiwaambia kwamba baba yangu alinyongwa kwa ajili ya maji, wananipa pole ya mtoto wa shujaa wa vita. Pole gani! Hawajui wanalolisema.

Mimi nilikuwa mchongaji. Misheni ilinifundisha patasi na randa, lakini tezo nililijua tangu kwa babu, aliyekuwa akichonga vinu na vigoda. Nilichonga mlango wa kanisa, nikachonga Mama Maria, na mwaka ule vita ilipotukuta nilikuwa na Kristo wa msalabani mikononi, wa mti wa mninga. Wa rika langu walinicheka kwamba nashinda kutwa namsugua mtu wa mti kwa majani ya msasa huku shamba langu likiota magugu. Sikuwajali. Nilimwamini niliyekuwa namchonga, na namwamini hata leo, ingawa yapo mambo nitakayomwuliza nikifika kwake.

Baba hakutaka kuzisikia habari za misheni. Mama alikuwa ameshapata maji, mke wangu vilevile, na mtoto wetu alipata akiwa mchanga. Baba akawa anatutania, "Nyumba nzima imelowa, mimi peke yangu mkavu." Alikuwa mtu wa maneno, na hasa maneno ya kunichokoza mimi. Nikikaa kuchonga alikuja kusimama nyuma yangu akauliza, "Huyu naye anakula nini?" Nilikasirika mara nyingi. Yeye alicheka tu.

Wakati mmoja wa baridi, baridi yetu ya chini ya milima ya Matogoro inayoingia mpaka kwenye mifupa, baba akashikwa na kichomi. Hakuweza kulala wala kukaa. Padri alikuwa safarini, mbali. Alikuwa ametufundisha kwamba mtu akiwa kufani na padri hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, mradi maneno yawe yale yale na mwenyewe akubali. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwuliza kama anataka.

"Huko mbinguni kwenu," akasema kwa shida, "wewe utakuwako?"

"Nikijaliwa, baba."

"Na mama yako?"

"Naye."

"Basi mwaga. Huko kwingine nitakaa na nani?"

Nikachota maji mtungini kwa kata, nikammwagia kichwani, nikayatamka maneno. Nililia. Nilidhani namuaga. Lo! Mzee akapona. Haukupita muda akawa anazunguka vilabu vya ugimbi, anajipigapiga upara na kumtangazia kila mtu, "Nimepata maji! Mwanangu mwenyewe kanimwagia!" Padri, ambaye hakumjua baba hata kwa sura, nilimngoja arudi nimweleze, aje ampake mafuta na kukamilisha yaliyobaki. Hakuwahi.

Vita ikaingia. Wakaja waganga kutoka mashariki na dawa yao ya maji, wakisema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu wakanywa, wakanyunyiziwa, wengine kwa kuamini, wengine kwa kuogopa majirani. Baba akaitwa naye anywe. "Mimi yangu nimeshapata," akasema. "Maji mawili yatagombana kichwani." Wakamwita mwoga, kisha wakamwacha kwa uzee wake. Mimi hawakuniita. Walikuja kuniua. Kanisa waliliteketeza pamoja na mlango wangu, mapadri wakakimbilia ziwani, nami nikamfunga Kristo wangu kwenye mkeka nikapanda naye Matogoro, mimi na mke na mtoto; mama alibaki na baba.

Tulikaa msituni mpaka wapiganaji waliposhindwa. Tukateremka tukidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yanaanza! Askari wa Wajerumani wakawa wanapita kijiji kwa kijiji wakichoma maghala, na njaa ikashika watu. Siku walipofika kwetu nilikuwa porini nachimba mizizi ya kula. Mama alikuwapo, yeye ndiye aliyenisimulia.

Waliwapanga wanaume mstari. Askari mmoja, mgeni wa mbali, akawa anapita akiuliza kila mtu kwa Kiswahili, "Umepata maji?" Kila mtu akakataa. Hata waliokunywa kibuyu kizima walikataa. Alipofika kwa baba, mzee akanyoosha kifua. Alidhani wanatafutwa Wakristo ili waachwe. Akajipiga upara wake, akajibu kwa sauti, "Nimepata! Maji ya kweli!"

Wakamfunga mnyororo shingoni. Mama alipiga kelele kwamba ni maji ya padri, ni maji ya misheni, wakamsukuma akaanguka.

Niliporudi sikukaa chini. Nilimchukua Kristo, nikaenda naye bomani Songea. Sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba sisi ni watu wa misheni. Kila mtu siku zile alikuwa akisema yeye ni wa misheni.

Bwana wa boma aliufungua mkeka mwenyewe. Alimtazama Kristo kwa muda, akavua kofia. Akauliza kama nimechonga mimi. Moyo ukanitulia kidogo. Nikamweleza, kwa kinywa cha mkalimani wake, mtu wa pwani, kwamba baba yangu ni Mkristo na maji aliyosema ni ya ubatizo.

"Padri gani alimbatiza?"

Mkalimani alinitupia swali lile, na kabla sijafungua kinywa akaongeza kwa sauti ya chini, maneno yake mwenyewe, "Ndugu yangu, wallahi, tazama ulimi wako. Hapa aliyekunywa maji ananyongwa. Aliyewapa wenzake ananyongwa kwanza."

Nilimwelewa vizuri. Mbele ya watu wale, Mngoni anayesema amemmwagia mwenziwe maji kichwani na kumsomea maneno, angeitwa nini kama si mganga wa vita? Nilikuwa na mke na mtoto. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Lakini baba ni baba. Nikasema, "Nilimmwagia mimi."

Mkalimani akasita, kisha akamtafsiria. Bwana wa boma akaagiza mfungwa aletwe ili aulizwe mbele yangu. Baba akaingia na mnyororo wake, amekonda, macho yamezama. Aliponiona uso wake ulitaka kucheka, kisha akaona mkeka, akaona askari walivyonizunguka. Mkalimani akamwuliza, "Nani aliyekupa maji? Ni huyu?"

Baba hakukawia. "Huyu? Huyu simjui. Maji nimepewa na mganga wa mashariki, nimekunywa, nimeshiba."

"Anasema wewe ni baba yake."

"Mimi sina mtoto," akasema. "Ningekuwa na mtoto angelima. Huyu ni mtu wa Wazungu, anawachongea miti. Mtoeni hapa, ananichosha."

Nikapiga kelele, "Anadanganya! Baba, sema kweli!" Akanitemea mate. Yalitua kifuani pangu. Bwana wa boma alichoka nasi, akasema mzee amekiri mwenyewe na mimi nimepagawa na njaa. Wakanitupa nje na Kristo wangu.

Nilichojua ni kwamba padri tu ndiye angeweza kumwokoa. Nikashika njia ya ziwani siku ile ile. Nilipita vijiji visivyo na hata kuku, nalala njaa, nasali rozari huku natembea, na kati ya salamu moja ya Maria na nyingine namlaani mzee wangu kwa ubishi wake. Sikutaka aikane imani yake mbele ya watu kwa ajili yangu. Kama angekufa na neno lile kinywani? Hilo ndilo lililonitesa kuliko njaa. Nilipofika ziwani wakaniambia padri ameshaondoka, amepita njia nyingine kwenda Songea, ameitwa na boma. Nikageuka. Nilikimbia palipokimbilika.

Nilimkuta kwenye magofu ya misheni, amekaa juu ya matofali yaliyoungua. Nikamwambia tumsifu Yesu Kristo, akaitikia bila kuinua kichwa. Kisha akanitambua, akasimama, akanishika mikono, na hapo nikajua nimechelewa.

Akasema aliwaona wafungwa wote kabla ya kunyongwa. Wengi walikubali kubatizwa, wazee kwa vijana. Hakujua kwamba mle ndani mlikuwa na baba yangu, mpaka mkalimani alipomnong'oneza yote yakiwa yameshakwisha.

"Nisamehe," akasema. "Yule mzee nilimbembeleza sana. Alikataa maji. Nilimwomba mara ya pili, akatikisa kichwa akaniambia ameshapata. Nikadhani ni yale ya vita. Nimesikitika sana kwamba alikufa hivyo."

"Alisemaje hasa, padri?"

"Hivyo tu. Alijipiga kichwani akasema, nimeshapata, asante."

Nilimweleza padri habari ya kichomi, na kata, na maneno niliyoyatamka. Akanitaka niyarudie neno kwa neno, nikayarudia. Akafunika uso kwa viganja. Kisha akasema baba yangu hakuhitaji kitu kingine. Nikamwuliza kama mzee alitaja habari zangu.

"Nilimwuliza kama ana mtoto wa kupelekewa salamu," padri akasema. "Alisema hana."

Nikaenda nyumbani kumwambia mama. Alinisikiliza, mikono magotini. Nilipofika hapo pa mwisho akauliza, "Mpaka mbele ya padri? Kasema hana mtoto?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka. Haki ya Mungu, alicheka, akanipiga begani, kisha kicheko kikamgeukia kilio, akawa anasema, "Mwongo mkubwa yule, mwongo mkubwa," mpaka mke wangu akaja kumshika.