Siku Niliyobadilisha Kitasa cha Nyumba Yangu

Jamani, mke wangu alipotaka kubadilisha kitasa ili nisiingie tena nyumbani, fundi aliyempigia simu ni mimi.

Msicheke kwanza.

Mimi ni fundi vitasa. Mtaani wananiita Funguo. Kaduka ketu tulikaanzisha wawili: mimi nyuma na mashine ya kuchonga, mke wangu mbele na wateja. Miaka sita.

Sababu ya kutengana naisema bila kuipaka rangi. Mke wangu alikuwa na droo moja anayoifunga. Siku moja akasahau ufunguo mezani, nikachonga nakala. Wiki tatu nzima nikawa naipekua kila akitoka.

Ndani ya droo mlikuwa na nini? Barua za marehemu mama yake na vyeti vya shule. Basi.

Alipojua hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu:

"Baba Redio, hama kwanza. Nikikuamini tena nitakuambia."

Redio ni binti yetu, ana miaka tisa. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, mkimsikia mtajua kwa nini.

Basi Jumamosi saa nne asubuhi nikaenda kuchukua nguo zangu na kubadilisha kitasa. Kazi mbili, safari moja.

"Kwa nini hukumwita fundi mwingine?" nikamuuliza.

"Kazi yako haijawahi kuwa na tatizo," akajibu, akaingia ndani.

Begi langu nikaliweka barazani. Redio akalikalia.

"Baba, unahama au uko kazini?"

"Vyote viwili."

"Utarudi lini?"

"Muulize mama."

"Nimemuuliza. Kasema nikuulize wewe."

Nikajifanya natafuta bisibisi. Ilikuwa mkononi.

Nikang'oa kitasa cha zamani, nikafunga kipya. Nikakijaribu mlango ukiwa wazi, nikakijaribu ukiwa umefungwa. Safi kabisa. Nikachana kipakiti cha funguo. Zilikuwemo tano.

Shetani naye siku hiyo hakuwa likizo. Mmoja ukaingia kwenye soksi.

Nilijiambia ni wa dharura. Mtoto akiugua je? Moto ukiwaka je? Nilikuwa na sababu kama kumi, na zote nzuri.

Nikampelekea mke wangu nne.

Akazipanga mezani taratibu, kama alivyokuwa akizipanga kaunta mbele ya wateja.

"Huu wangu. Huu wa Redio. Huu wa mdogo wangu, ndiye atakayemchukua shuleni. Huu wa akiba." Akaninyooshea kiganja. "Na wako uko wapi?"

"Wangu upi?"

"Kipakiti kina tano, Baba Redio. Nimeviuza miaka sita."

Katika watu wote duniani wa kumficha idadi ya funguo, nilimchagua muuzaji wangu mwenyewe.

"Ungenipa zote tano," akasema, "wa tano ningekurudishia mwenyewe mbele ya mtoto, na lile begi ungeliingiza ndani leo hii."

Nikainama, nikavua kiatu. Hakuna namna ya heshima ya kutoa ufunguo kwenye soksi mbele ya mkeo.

Hakulia. Niliyelia ni mimi, kiatu mkononi, Redio ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na la kusema.

Mke wangu akaugusa ule ufunguo kwa kidole, akausukuma kwangu.

"Huo kaa nao."

Nikadhani nimesamehewa.

Akafungua kabati, akatoa kitasa kingine kipya, hakijafunguliwa. Kumbe alinunua viwili.

"Fundi, una kazi nyingine."

Nikang'oa nilichokifunga robo saa iliyopita, nikafunga kingine. Kipakiti nikampa kama kilivyo. Redio akazihesabu funguo kwa sauti.

"Tano, mama! Sasa zimetimia."

Nikabeba begi langu.

Huu ni mwezi wa nane tangu siku hiyo, bado nalala dukani nyuma ya mashine. Ule ufunguo ninao hapa, haufungui mlango wowote. Mteja akiuona huniuliza ni wa nini, namwambia ni wa sampuli.

Ndugu yangu, kama kuna mtu yuko ndani anajiandaa kukufungulia, kaa nje utulie. Usijichongee ufunguo.