Mama Mkwe Alinibeba Mgongoni, Sasa Hataki Kula

Admin, naomba usitoe jina langu wala la kanisa letu, maana huku Kakamega tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, fundi wa kompyuta mjini, nina mke na mtoto mmoja. Siandiki nihurumiwe kwa sababu ya mguu wangu uliovunjika. Mguu nimeuzoea. Ninachoogopa ni kwamba kuna mtu anaisha kwa sababu yangu, na sioni njia ya kumwokoa bila kuvunja nyumba yangu.

Napenda sana kuendesha baiskeli ya milimani. Kila Jumamosi mimi na rafiki yangu huchukua vijia vya mawe na matope ambavyo mtu mwenye akili zake hupita kwa miguu. Siku hiyo mwenzangu alipata udhuru, nikaenda peke yangu upande wa Malinya, ambako ndiko kwa wakwe zangu. Sasa, wanaoendesha wanajua ile kaptula yetu inavyobana. Na kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi pamoja, wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Tangu nioe sijawahi kumtazama yule mama usoni. Nikaona ni aibu kupita mbele ya boma lao nikiwa vile, kwa hiyo nikaiacha barabara na kushuka bondeni kwenye mashimo ya wachimba dhahabu. Nilijiona mtu mwenye heshima sana.

Bondeni kulikuwa kimya kupita kiasi. Mashimo yako wazi, sepetu zimelala, hakuna mtu hata mmoja. Nilikuja kujua baadaye kwamba wote walikuwa wameenda kutazama mafahali wakipigana. Moyo uliniambia nirudi, lakini mteremko ulikuwa mtamu. Ukingo wa shimo moja la zamani ukamomonyoka chini ya gurudumu la mbele. Nilipopata fahamu nilikuwa chini, mguu umepinda mahali pasipo na goti, kaptula imeraruka mpaka kiunoni, na damu inanitoka pajani. Simu haikushika mtandao. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Aliyekuja ni mama mkwe, alikuwa akiokota kuni. Na mnajua nilifanya nini? Nilimfukuza! "Mama, rudi! Usikuje! Ni mimi, bwana ya msichana wako, na siko na nguo!"

Akanipa mgongo papo hapo. Akaita watu, akaita tena, hakuna aliyeitika. Halafu akaanza kunijia kinyumenyume, akipapasa ardhi kwa miguu, leso yake ameinyoosha nyuma nijifunike. Nilijaribu kuishika, mkono ukaanguka.

"Damu ni mingi?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni mingi, mama."

Nikamsikia akilitaja jina la Yesu. Kisha akageuka. "Mungu atanisamehe," alisema. "Watu nao watasema vile wanasemanga." Akalifunga paja langu kwa leso ile, akakaza fundo mpaka nikalia, akaniinua mgongoni na kupanda nami hadi barabarani. Ni mama mzee, jamani. Daktari alisema angechelewa kidogo tu ningekufa.

Sasa ni miezi imepita. Mimi napona polepole, yeye ndiye anaisha. Alianza kufa ganzi mkono wa kulia, ule uliokaza fundo. Baadaye akaacha kutoka nje. Majirani hawaendi tena kwake, wakipita langoni wanaharakisha. Wazee wa ukoo wanasema tumevunja mwiko, na dawa yake ni moja: kondoo achinjwe, mimi na mama tusimame pamoja, tupakwe majani yanayotolewa tumboni mwa kondoo huyo. Bila hivyo, wanasema, mkono ni mwanzo tu. Mama anawaamini kabisa. Hospitali amekataa. Obusuma, yaani ugali, ameacha, hata uji anaonja tu na kusukuma kikombe. Anasema hawezi kula akiwa na mkosi.

Mke wangu ameokoka, na yule ni mama yake mzazi. "Mama yangu ni mgonjwa, hana mkosi," aliniambia huku akilia. "Anahitaji daktari. Ukienda kupakwa hiyo uchafu, utakuwa umemwambia kwamba wale wazee ndio wako na ukweli, na hospitali hataendanga tena. Na ukirudi hapa hutanipata."

Simlaumu. Hata mimi sioni kondoo ataponyaje mkono. Lakini kila nikifungua bandeji na kuona kidonda kimeanza tena kutoa maji, naogopa yale mambo ninayojidai siyaamini.

Jana shemeji, kaka ya mke wangu, alinipigia simu akasema mama anataka kuongea nami. Hajawahi. Sauti ilikuwa ndogo mno, ikabidi nizime redio.

"Mwana wanje, mtoto wangu, mimi sijutii," alisema. "Nikikupata pale tena, nitakubeba tena. Lakini sasa na wewe nitoe kwa hii kitu. Nimechoka."

Nililia tu mpaka shemeji akaichukua simu.

Kondoo ameshapatikana. Mke wangu yuko jikoni anaimba nyimbo za kanisa, hajui lolote. Kesho asubuhi akishaenda kazini, shemeji anakuja na pikipiki kunichukua. Nishaurini ndugu zangu, na mnaotaka kucheka mpite kimya. Nipande, au nimwambie arudi kwa mama yake peke yake?