Diski Iliyokosa Udongo

Mnisamehe mwandiko na makosa ya tahajia. Niliishia shule ya msingi, na kalamu yangu inakwenda polepole.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika ofisi ya parokia, hapa Kikula. Mchwa walikula vitabu vya ubatizo, hivyo majina yote yamebaki kwenye diski ya nje, kisanduku kinachounganishwa na kompyuta kwa waya. Wiki nzima diski ilikatika. Nafungua jina moja, inapotea. Nachomoa, nachomeka, inarudi, inapotea. Akina mama walingoja vyeti vya watoto, nami nilichoka hata kusema pole. Padri alisema majina yakipotea, kazi nayo basi.

Nikamwendea Papa Ilunga, fundi umeme. Akajibu bila kuinua macho:

"Inakosa tere. Uitafutie tere, nitapita kuiona."

Niliona haya kuuliza. Kifaransa hicho nilikisoma darasani: tere ni udongo. Nikajaza udongo kwenye beseni, nikanyunyiza maji ili ushike, nikaipandikiza diski humo. Ikawaka! Nikawaambia akina mama kwa maringo, "Ilikuwa na njaa ya udongo."

Papa Ilunga akaingia, Padri nyuma yake.

"Aba! Weye mwana, unapanda mihogo mu biro ya parokia?"

"Papa, ni ile tere ulisema."

"Minye nilisema waya ya tere! Ile inatoa kuran ya umeme mu mashini, inaipeleka chini mu udongo!"

Akina mama wakacheka hadi machozi. Padri hakucheka. Aliinua diski, tope likamdondokea kanzuni.

"Na majina ya batoto?"

Diski bado inakauka kwa fundi, nami niko nyumbani, bila kazi. Aliyewahi kuaibika hivi aniandikie, lakini si kwa Kifaransa.