Ubao wa Sitati

Kuta za ploti yetu hapa Karagita hazifiki juu. Mwenye nyumba aliona mawe ni ghali, akayaachia pale mabati yanapokaribia, kwa hivyo ukipiga chafya chumba cha kwanza utaambiwa pole kutoka chumba cha mwisho. Nasema haya mapema ili mtu asidhani mimi ni mpenda umbea. Mimi nakaanga chapati langoni, chumba changu kimepakana na cha Sitati, na masikio haya sikuyaomba.

Sitati ni mtu wa Bungoma, mrefu, mpole kupita kiasi, anakata waridi kwenye shamba moja la maua upande wa ziwani. Mkewe ni Jackie, msichana wa Sachangwan. Walikutana hapo hapo shambani, yeye akiwa upande wa kufunga maua. Mtoto Mungu hajawapa. Walichokuwa nacho ni gemu.

Gemu yenyewe waliinunua kwa mitumba mjini Naivasha: mashine kuukuu ya kuchomeka kwenye TV, kaseti moja, na padi mbili, kila padi ina kijiti kimoja cha kusukuma kwa kidole gumba. Sitati alipoiwasha, kijitu kidogo kilitokea katikati ya skrini na maadui wakakijia kutoka pande zote. Akasukuma kijiti, kijitu kikatembea. Akabonyeza kila kilichobonyezeka, kijitu hakikupiga risasi hata moja. Kikaliwa.

"Tumeuziwa mbovu," akasema, akaanza kutafuta karatasi ya kuifungia airudishe.

Jackie akaokota padi ya pili, akasukuma kijiti chake hivi hivi tu, na risasi zikatoka. Kumbe gemu hiyo imetengenezwa hivyo. Kijiti kimoja ni cha kutembea, kingine ni cha kupiga, na mtu mmoja anatakiwa avishike vyote viwili. Wao hawakujua kwamba ni kazi ya mtu mmoja. Waligawana.

Basi ikawa Sitati anatembea, Jackie anapiga. Jumapili wakitoka kanisani ungewasikia. "Nyuma! Nyuma yako!" "Naenda juu, nifungulie!" "Si nishafungua, wewe enda!" Raha yake, Jackie alinieleza siku moja, ni kwamba unaweza kukimbia huku na risasi ikaenda kule. Sitati alikuwa anakimbia bila kujali mgongo wake, kwa sababu mgongoni yuko mke wake. Mimi niliolewa miaka mingi, Mungu amrehemu marehemu, na sikuwahi kukimbia hivyo.

Kisha shamba likapunguza watu na Jackie akawa mmoja wao. Alitafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Mwishowe akapata ajenti, akaenda Saudi kufanya kazi za nyumba, mkataba wa miaka miwili.

Wiki za kwanza chumba cha jirani kilinyamaza kwa namna ya kutisha. Nilimsikia Sitati akivua viatu, akisonga ugali, na baada ya hapo hakuna. Nilimwonea huruma sana, na huruma yangu mimi huja kwa ukali, kwa hivyo nilimgombeza.

"We Sitati, toka nje uote jua. Utamea ukungu humo ndani."

Akacheka, akanunua chapati, akarudi humo humo.

Halafu Jumapili moja gemu ikalia tena. Kijitu kilikufa upesi, kikawashwa, kikafa tena. Nikaenda kuangalia na mwiko mkononi. Sitati alikuwa ameketi kitandani na ubao mapajani, kipande cha paleti za shambani, zile mbao za kupangia maboksi ya maua. Padi mbili zilikuwa zimefungwa juu yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, moja kushoto, moja kulia. Mkono wa kushoto utembee, wa kulia upige. Shida ni kwamba mikono yake ilikuwa inaigana. Wa kushoto ukienda juu, wa kulia nao unafuata kama mwana-kondoo.

"Sasa hii ni nini?" nikamuuliza.

"Mama Nyakio, nikicheza na padi moja, huyu mtu anakimbia tu. Hana wa kumpigia."

"Si uite mtu mcheze naye? Maxwel yuko hapo nje amelala kwa gari yake, hata abiria hana."

"Hapo ni pa Jackie," akasema. Nami nikarudi kwa jiko langu.

Ploti ina midomo. Wakasema Sitati ameoa ubao, wakauliza mahari ni ngapi. Yeye akaendelea kucheza. Pole pole mikono yake ikajifunza kuachana, na kufikia mwaka wa pili kijitu kilikuwa kinaishi alasiri nzima. Lakini hakukuwa tena na "nyuma yako" wala "nifungulie". Ilikuwa milio ya risasi na mtu mmoja akipumua. Niseme ukweli, iliniuma kuisikia kuliko kile kimya cha kwanza, na mara nyingine nilikuwa nawasha redio yangu ili nisiisikie. Mimi pia naishi peke yangu tangu binti yangu Nyakio aolewe Njoro. Najua mtu anapumua vipi akiwa hana wa kuongea naye.

Kila Ijumaa Jackie alipiga simu. "Niko sawa," Sitati angesema. "Usijali kabisa. Nimekula. Zii, hakuna kitu nimekosa." Na huku amekonda mpaka mshipi umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Mbona humwambii?" nikamuuliza.

"Mama Nyakio, mtu yuko kwa jikoni ya wenyewe, mbali hivyo. Nimwambie nimelemewa? Atafanya nini na hiyo?"

Naye Jackie, kwa sauti iliyovuka ukuta, alikuwa sawa pia. Kula anakula, kulala analala, mwajiri hana neno. Sijawahi kusikia watu wawili wazima namna hiyo wakiwa na sauti za wagonjwa.

Mkataba ulipoisha akarudi. Alikuwa na nguo nzuri na macho yaliyochoka. Chakula alikula amesimama. Ukimwita jina anaruka. Siku ya pili alikuja langoni, akaketi kwenye ndoo niliyopindua.

"Yule mama wa kule anataka nirudi," akaniambia. "Ajenti anataka jibu wiki hii."

"Na wewe unataka?"

"Sitaki. Lakini sitaki kukaa hapa niwe mzigo pia. Wacha kwanza nione kama bado niko na mahali yangu hapa."

Jioni Sitati akatoka kazini, nikamkamata kabla hajaingia. Sikuzunguka. Nikamuuliza kama anataka mkewe akae.

"Nataka mpaka naumwa," akasema. "Lakini nikimwambia akae nitakuwa nimemfungia riziki. Kesho akikosa kazi atasema ni mimi. Wacha aamue."

"Mwambie unachotaka, halafu ndio aamue."

"Nitamwonyesha," akasema, na uso wake ukachangamka.

Wanaume na kuonyesha! Mdomo Mungu aliwapa wa kunywea chai.

Jumapili hiyo aliniita na mimi, nadhani alihitaji shahidi. Alikuwa amepiga deki, amepanguza TV, amenunua mkate. Jackie akamimina chai. Sitati akavuta ubao kutoka chini ya kitanda, akauweka mapajani, akasema, "Jackie, cheki hii."

Akacheza. Sijui gemu, lakini kitu kikifanywa vizuri hata mjinga anaona. Mkono huu uliteleza huku, ule ukapiga kule, maadui wakaja kutoka kila pembe na kijitu kikapita katikati yao bila kuguswa. Jackie alisimama nyuma yake na kikombe. Mwanzoni alitabasamu. Kisha nikaona tabasamu linabaki pale bila mwenyewe. Sitati hakuona, macho yalikuwa kwenye skrini, na alicheza muda mrefu sana.

Kijitu kilipokufa hatimaye, aligeuka akiwa amejaa furaha. "Umeona? Peke yangu!"

Mimi nilijua maana yake. Maana yake ilikuwa, angalia upweke ulinifanya nini. Miaka miwili yote alikuwa anaweka hayo maneno kwenye ule ubao.

"Umejipanga," Jackie akasema.

"Si ilibidi."

"Wacha nijaribu kupiga. Kama zamani."

Sitati akafungua mpira haraka, akampa padi yake. Wakakaa bega kwa bega. Wakafa. Wakaanza upya, wakafa tena. Sitati alikuwa anaondoka kabla risasi haijafungua njia, maana mikono yake ilizoea kujuana yenyewe kwa yenyewe, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kinacheza hewani. Jackie alikuwa anachelewa. Mazoea yana taabu. Alicheka kidogo, akasema vidole vyake vimekuwa vya kufua. Kisha akauchukua ubao, akairudisha padi mahali pake upande wa kulia, akaufunga ule mpira yeye mwenyewe, vizuri, akakaza fundo.

Jumanne Jackie alimpigia ajenti, akasema atarudi Saudi. Sitati alipoambiwa, akasema ni sawa. Nilimsikia. Nilitamani kurusha sufuria juu ya ukuta.

Alhamisi asubuhi, Jackie akifunga mizigo, nilimuuliza imekuwaje.

"Uliona Jumapili," akasema. "Mtu amejifunza kuishi bila mimi mpaka amekuwa mtaalamu. Nikae hapa nifanye nini? Angalau huko nitatuma pesa."

"Jackie, ule ubao aliutengeneza kwa sababu alikataa mtu mwingine ashike padi yako. Nilimwambia aite Maxwel, akaniambia hapo ni pako."

Alisimama na blauzi mkononi. "Mbona yeye hajaniambia?"

Swali hilo lilikuwa na mwenyewe wa kulijibu. Nilitoka nikamtafuta Sitati, nikampata kwenye mfereji akijaza maji kwenye mtungi uliokuwa umeshajaa. Nikamweleza neno kwa neno alichoelewa mkewe. Mtungi ulimwagika miguuni mwake na hakuuondoa.

"Lakini ilikuwa ni ya yeye," akasema. "Yote ilikuwa ni ya yeye."

"Usiniambie mimi."

Maxwel alikuwa ameleta gari yake, Probox, hadi barabarani ampeleke Jackie Nairobi kwenye ndege. Sanduku lilikuwa ndani. Jackie alikuwa ameketi nyuma, mlango wazi, mguu mmoja bado uko nje kwenye vumbi. Sitati alifika na suruali iliyolowa hadi magotini. Alishika juu ya mlango, na nikaona anataka kusema safari njema. Kisha akasema:

"Jackie, usiende. Nimeteseka."

Jackie alishika kiti cha mbele.

"Kila Ijumaa," akasema, "kila Ijumaa, Sitati, nilikuwa napiga simu nikingoja useme hivyo. Ungesema mara moja tu, ningekuja hata kwa miguu." Akalitazama sanduku. "Sasa nishasaini. Tikiti imekatwa. Wananingoja usiku huu."

Sitati aliendelea kushika mlango. Neno lake lile moja lilikuwa limemchukua miaka miwili. Jackie aliingiza mguu ndani ya gari, lakini mlango hakuufunga. Walikaa hivyo, yeye ndani na mumewe nje, mpaka Maxwel akashuka, akazunguka, akaufunga yeye.